Sifa za Redio Mbovu

Watunzi wa sifa tangu zamani wamemsifu simba kwa ushujaa, tausi kwa uzuri, na matajiri kwa ukarimu ambao aghalabu hawakuwa nao. Lakini redio mbovu, ile iliyolala chini ya meza ya fundi haina kifuniko cha nyuma, eriali yake imekatika na tumbo lake limejaa vumbi na mayai ya mijusi, sijaona aliyeikumbuka hata kwa neno moja la ihsani. Redio nzima husifiwa na kila mtu kwa sababu husema. Mbovu hunyamaza, na katika ulimwengu huu anyamazaye hudhaniwa kuwa hana la kutoa. Nimekusudia leo kuiondolea dhuluma hiyo, na kuthibitisha mbele ya wasomaji waadilifu kwamba katika nchi yote iliyo baina ya Migori na Homa Bay hakuna mfadhili wa wanamuziki anayeishinda redio iliyokufa.

Mwenye haja nayo ni kijana apigaye gitaa la umeme, ambaye amesikia katika sahani za ng'ambo ule mlio mzito wa kukwaruza uitwao fazi, akautamani, akaambiwa kwamba hutoka katika kisanduku kinachokanyagwa kwa mguu, kisha akaambiwa bei ya kisanduku, akanyamaza. Laiti angekifungua kwanza! Kile kiitwacho Fuzz Face, kilichotolewa London mwaka 1966 na ambacho Jimi Hendrix alikikanyaga mpaka dunia nzima ikasikia, kina transista 2, rezista 4, kapasita 3 na volyumu 2, vyote vikiishi kwa betri moja ya volti 9. Mali yote ni hiyo. Redio ya kale ina vitu vya namna hiyo, na akiba juu yake, na maadamu imekwisha kufa haina haja navyo.

Kwa kuwa watu hudharau wasichojua nasaba yake, naitaja nasaba. Fazi haikuzaliwa na elimu, ilizaliwa na ubovu. Huko Nashville nchini Marekani, Grady Martin alikuwa akirekodi besi katika wimbo wa Marty Robbins uliotoka mwaka 1961, mtambo wa studio ukaharibika na kuikwaruza sauti yake. Wenyewe wakaiacha ilivyo, na wimbo ukapendwa. Mwaka uliofuata kampuni ya Gibson ikatoa kisanduku cha Maestro, chenye transista 3, kilichoundwa mahsusi ili kuiga hitilafu ile, na mwaka 1965, Keith Richards wa Rolling Stones alipokitumia, madukani kikaadimika. Wahandisi, basi, walijisumbua kuibuni upya kasoro ambayo mtambo mbovu uliitoa bure. Huo ni upande wa baba. Upande wa mama ni wa hapa hapa, kwa maana mpiga nyatiti wa Kijaluo alikuwa amekwisha kuupa mguu kazi zamani: huvaa pete ya chuma, oduong'o, katika kidole cha mguu na kugonga nayo ala yake, njuga za gara zikilia mguuni, huku vidole vya mikono vikitembea juu ya nyuzi 8. Mwenye kulijua hilo hatasema kwamba kuutumia mguu ili nyuzi zipate ukali ni bidaa iliyoletwa na wageni.

Na tuifungue sasa mirathi. Kwanza hutoka vumbi, kisha kutu ya kijani pale betri zilipovuja baada ya kusahauliwa na mtu aliyedhani kwamba atanunua nyingine mwisho wa mwezi. Kisha huonekana ubao, na kandokando, karibu na waya ziendazo kwa spika, zimesimama transista mbili zilizovikwa bati, kila moja ina miguu mitatu na maandishi yaliyofifia: AC128. Hizo ni za jerimaniamu, tunu ya watafuta fazi. Fundi huubana mguu mmoja kwa koleo jembamba ili chuma cha koleo kiunyonye moto, na kwa mkono wa pili huyeyusha lehemu taratibu, kwa sababu transista za aina hii hazistahimili joto. Ikitoka, huipuliza, huipima kwa mita, akatikisa kichwa au akatabasamu. Vitu vilivyowaletea wazee wetu taarifa za habari za Sauti ya Kenya na matangazo ya vifo, kisha vikapumzika miaka mingi, vyaamshwa ili kuhudumia kelele. Kopo tupu la mafuta ya kupikia, likitobolewa kwa msumari, huwa makazi yao mapya; na bati hilo, pamoja na unyonge wake, huuzuia mvumo wa umeme usipenye, jambo ambalo kasha la plastiki haliliwezi hata likigharimu mbuzi.

Fadhila ya pili ni kwamba redio mbovu haimwachi mtu aridhike na moja. Transista zake mbili zilichaguliwa zilingane kama mapacha, kwa kuwa kazi yao ilikuwa kuisukuma spika kwa zamu. Lakini fazi nzuri haitaki mapacha, hutaka ya kwanza iukuze mkondo kiasi cha mara 70 au 80 na ya pili kiasi cha mara 120, kwa hiyo kijana hana budi kumtafuta marehemu mwingine. Hapo hutoka Migori, akapanda matatu kupitia Awendo mpaka Rongo, akaishika njia ya Homa Bay, akimuuliza kila fundi aliyetundika spika mlangoni. Aliyeagiza kifurushi kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, hupata transista, na shauri limekwisha. Aliyeifuata redio mbovu hupata transista, salamu, chai, bei ya samaki ya siku hiyo, na mzee anayemwambia, "Hii National, mwanangu, ilikuwa ya marehemu baba mkwe, chukua matumbo, lakini kasha uniachie." Hata inapohadaa, hufundisha: redio ya miaka ya karibuni hununuliwa kwa pupa, ikafunguliwa, zikaonekana transista za silikoni zenye vichwa vyeusi vya plastiki, ambazo huamka kwa volti 0.6 badala ya 0.2 au 0.3 za jerimaniamu na hutoa mlio mkali zaidi. Na mnunuzi hujifunza kufungua kabla ya kulipa.

Wapinzani watasema kwamba vitu hivi vya kale havina msimamo. Ni kweli, na mimi naihesabu kuwa fahari. Jerimaniamu huvujisha mkondo, na uvujaji huo huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto. Basi kisanduku kilichorekebishwa asubuhi ya baridi katika vilima vya Kisii huteremka mpaka Homa Bay, saa nane mchana, chini ya mabati yanayounguza, kikakohoa, kikakwama, na kuikata sauti katikati ya wimbo. Kisanduku cha kiwandani hulia namna moja Tokyo na Mbita, kwa kuwa hakijui kilipo. Chetu hulitambua ziwa na hulijua jua. Mpigaji hulazimika kukiweka kivulini kipoe, na wasikilizaji nao hupumzika, neema ambayo baadhi yao walikuwa wakiiomba tangu wimbo wa kwanza.

Wapo pia walinzi wa muziki wa benga, nami nawaheshimu, wanaoshikilia kwamba gitaa la Nyanza Kusini halina haja ya ukwaruzo. Kwamba Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Tanzania upande wa Shirati, akawa nguzo ya benga ya Kenya mpaka alipofariki mwaka 2006, alizipiga nyuzi zake kwa usafi uliorithiwa kutoka kwa nyatiti, kila noti ikisikika peke yake. Sina la kupinga. Nasema tu kwamba usafi hauthaminiwi na watu mpaka uwepo uchafu wa kuupimia, na redio mbovu, kwa unyenyekevu wake, imekubali kuutoa uchafu huo bila kudai haki yoyote katika sahani.

Basi, msomaji, ikiwa nyumbani kwako ipo redio ya miaka ya 1960 isiyosema tena, usiitie motoni, wala usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu aithaminiye kwa kilo. Itoe betri leo hii kabla hazijavuja, iweke mahali pakavu, na kijana mwenye gitaa akibisha hodi mpe kwa bei ya chai. Naye akiisha kuunda kisanduku chake, mwombe hisani moja tu: ajifunzie mbali na dirisha lako.