Mzinga wa 22
Mzinga ulianza kama gogo lililochongwa uwazi ndani, likatundikwa mtini ili nyuki waweke asali. Silaha za baruti zenye tundu kama hilo zilipofika pwani, nazo zikaitwa mizinga; baadhi zingali Fort Jesus, Mombasa, zikipigwa picha na watalii. Leo mjini, kumpiga mtu mzinga ni kumwomba hela. Walinzi wa Kiswahili sanifu watasema huo ni uhuni wa mitaani. Lakini hata silaha iliazima jina kwa nyuki bila kuomba radhi. Tena tazama Ikulu: mgeni wa taifa hupigiwa mizinga 21 uwanjani, kisha huingizwa ndani kupigwa wa 22. Ile ya kwanza ni baruti tupu. Huu ndio wenye shabaha.