Namna ya Kulipa Kingi na Kulala Kidogo

Sisi watu wa Uchindile hatujui thamani ya kiyoyozi, kwa sababu cha kwetu ni cha bure. Kinashuka kutoka milimani kila jua likizama, hakina rimoti, umeme ukikatika kinaendelea, na ukifika mwezi wa sita hata mbuzi anatamani kuota moto. Mandhari nayo tunayo: misonobari na mikaratusi iliyopandwa mpaka macho yachoke, na reli ya TAZARA inayopanda kutoka bonde la Kilombero kwenda Makambako, kipande chenye mahandaki na madaraja mengi kuliko pengine popote katika kilomita zake 1,860. Mgeni angelipa kuyaona hayo. Sisi tunayaona tukienda kuchota maji.

Lakini binadamu hachoshwi na shida peke yake; uzuri nao unachosha. Ndiyo maana kila mwaka, mahindi yakishauzwa, hakosi mmoja wa kusimama mbele ya familia yake na kutangaza: "Mwaka huu tunakwenda kuiona bahari." Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Nimelala vyumba vingi kati ya Mlimba na Nungwi, na ujinga nilioufanya katika kila kimoja nimeutunza vizuri. Si haki kufa nao peke yangu.

Hatua ya 1: Jina kwanza, godoro baadaye

Ukishuka Ifakara usiku, usimuulize mwenyeji gesti ipi ina maji. Wewe tazama vibao. Jina likiwa refu kuliko jengo, umefika. Ukiona neno "rizoti", usithubutu kupita. Huku kwetu neno hilo lina maana pana: linaweza kuwa jengo la ghorofa lenye bwawa la kuogelea, na linaweza kuwa mwembe mmoja, viti vinne vya plastiki na spika inayotosha wilaya nzima. Chagua chumba kinachotazamana na spika. Uliza kama Jumamosi kuna muziki. Ukijibiwa "upo, ila si sana", lipia siku mbili.

Ukishindwa kuchagua, mwachie bodaboda. Hatakupeleka kunakolalika. Atakupeleka kule anakopewa chochote kwa kuleta mteja, na hilo nalo ni kuchangia uchumi wa mji.

Hatua ya 2: Uliza maswali mepesi

Niliingia Ifakara saa 9 usiku. Gesti yenyewe siitaji. Dada wa mapokezi alitoka amejifunga khanga mabegani, jicho moja limeamka, la pili bado linaendelea na usingizi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Vyumba vipo?"

"Vipo. Selfu elfu ishirini, cha choo cha nje elfu kumi."

"Hiyo selfu ina maji?"

"Maji yapo, baba."

Nikatoa elfu ishirini. Akanisogezea kitabu cha wageni na kalamu iliyofungwa uzi mezani isitoroke. Jina, kabila, kazi, utokako, uendako. Nikaandika: natoka Uchindile, nakwenda baharini. Akasoma, akacheka. "Bahari ya wapi, baba?" Nikamwambia yoyote itakayopatikana.

Chumbani nikafungua bomba. Likakohoa mara mbili, likanyamaza. Nikarudi mapokezi. "Mwanangu, si ulisema maji yapo?" Akaninyooshea kidole uani, kwenye pipa la bluu lenye kopo juu yake. "Si yale pale, baba."

Hakunidanganya. Kiswahili kimetupa *yapo*, *yako* na *yamo*, na mimi mwenye lugha nilizembea kuchagua. Maji yalikuwa yako uani, bombani hayakuwamo. Anayetaka kulala vizuri huuliza hivi: "Yanatoka bombani sasa hivi? Twende ukafungue nione." Lakini hilo ni swali la mtu mwenye makuu, na wewe mgeni mstaarabu utaliacha.

Hatua ya 3: Dharau chandarua

Ifakara ina heshima yake duniani katika jambo moja: mbu. Waswisi walifungua maabara yao hapo miaka ya 1950, ikakua mpaka ikawa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Wataalamu wake wanafuga mbu kwenye vibanda vikubwa vya wavu wapate kuwachunguza. Miaka ya 1990 ndani ya bonde hili hili ukafanyika mradi wa kuuza vyandarua vyenye dawa kwa jina la Zuia Mbu, na matokeo yake yakasaidia kuonyesha jinsi chandarua kinavyookoa watoto wadogo. Yaani dunia ilipotaka kujifunza chandarua, ilikuja kusoma kwetu.

Chandarua cha chumbani kwangu hakikuhudhuria masomo hayo. Kilikuwa na tundu la kupitisha kiganja, nalo lilikuwa limefungwa fundo na mpangaji aliyenitangulia, Mungu ambariki. Kilikuwa kifupi, hakikufika kuchomekwa chini ya godoro. Mbu wa maabara anakula kwa ratiba. Wa chumbani kwangu alikuwa amejiajiri na hakuwa na saa ya kufunga kazi.

Saa 4 asubuhi mlango ukagongwa. "Baba, muda umeisha. Ukizidisha tunahesabu siku nyingine." Kumbe siku ya gesti haianzi mgeni anapoingia. Inaisha saa 4, uwe uliingia jana mchana au alfajiri ya leo. Elfu ishirini zangu zilininunulia saa 7, na katika hizo mbu walichukua 4. Mwenye akili angepatana bei ya nusu usiku kabla ya kutoa hela, au angelipia hadi kesho yake mchana. Wewe lipa kwanza. Kupatana ni tabia ya watu wasiokuwa na haraka.

Hatua ya 4: Dar, kaa "karibu na kila kitu"

Dar es Salaam tafuta hoteli inayojitangaza kuwa iko karibu na kila kitu. Usiulize kila kitu ndiyo nini. Stesheni ya TAZARA iko kwenye makutano ya barabara za Nyerere na Mandela. Boti za Zanzibar zinaondokea bandarini, mjini kabisa. Mabasi ya mikoani yalihama Ubungo kwenda Mbezi Luis mwaka 2021, na wapo wenye vyumba ambao mpaka leo wanakwambia uko "karibu na stendi", bila kutaja kwamba ni stendi ya marehemu. Hakuna chumba kilicho karibu na vyote hivyo.

Mpenda hesabu atajumlisha: bei ya chumba, nauli ya bajaji, na saa za foleni. Atagundua kwamba chumba cha elfu arobaini Kariakoo, hatua chache za bajaji kutoka bandarini, ni rahisi kuliko cha elfu thelathini Mbezi kwa mwenye kuwahi boti ya asubuhi. Usijumlishe. Furahia ile elfu kumi uliyookoa mpaka utakapompa dereva.

Hatua ya 5: Ufukweni, iamini picha, usiutazame mwezi

Hapa ndipo pesa inapoliwa kwa ufundi. Boti inachukua kama saa 2, unashuka Unguja, na simuni unayo picha: kitanda cha kamba, mnazi ulioinama, maji ya kijani yakilamba ngazi za hoteli. Picha ni ya kweli. Ila imepigwa maji yamejaa, na bahari haikai kusubiri wapiga picha.

Tulifika Jambiani saa 5 asubuhi. Watoto wakavua viatu, wakakimbia, wakasimama. Mbele yao palikuwa na mchanga, madimbwi na mawe, na kwa mbali sana mstari mweupe wa mawimbi ukijipiga kwenye mwamba. Mama watoto akaniangalia, akaiangalia simu, akaniangalia tena.

"Baba watoto, bahari imekwenda wapi?"

Mama mmoja alikuwa anapita na kiroba kichwani, maji yakimchuruzika mabegani. Akatuhurumia. "Maji yamekupwa hayo. Subirini, alasiri yatajaa."

Yeye alikuwa anatoka kazini. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wakati mgeni analaani maji kupwa, kina mama wanayashukuru, maana shamba linaonekana. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja na ushei, na kila siku yanachelewa kwa dakika kama 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ikakaribia mita 4. Nusu ya mwezi ni maji mafu, bahari haihangaiki. Pwani ya mashariki, yaani Paje, Jambiani na Bwejuu, ina sakafu tambarare ndani ya mwamba, kwa hiyo maji yakitoka yanatoka kweli. Nungwi na Kendwa kule kaskazini hayaendi mbali, unaogelea karibu saa yoyote. Ndiyo maana vyumba vya huko huwa ghali zaidi: unalipia bahari isiyosafiri.

Hakuna pwani mbaya kati ya hizo. Mwenye kutaka kutembea juu ya mchanga na kupumzika kwa bei nafuu, mashariki kunamtosha. Mwenye watoto wanaotaka maji kutwa nzima, aongeze hela aende kaskazini. Kosa ni kulipa bila kujua unanunua ipi. Kwa hiyo usijue.

Hatua ya 6: Usiulize bei ni ya nini

Ukitajiwa bei, itikia "sawa" haraka kabla hawajaeleza. Usiulize kama ni ya chumba au ya kichwa, kwa sababu hoteli nyingi za ufukweni hutoza kwa kichwa: bei uliyoiona ya "chumba cha watu wawili" unakwenda kuizidisha kwa mbili. Usiulize kama ndani yake kuna chai ya asubuhi, au chai na mlo wa usiku, au vyote hadi vinywaji. Usiseme kwamba wewe ni Mtanzania, ingawa mahali pengi kuna bei ya mkazi na bei ya mgeni, na hiyo ya kwanza hutajwa kwa aliyeiulizia. Ukitajiwa dola, hesabu dola. Kanuni za Machi 2025 zinakataza kutaja bei kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani ya nchi, lakini kukumbusha watu sheria ukiwa likizoni ni kujichosha.

Na nenda wakati wanakokwenda wote: Desemba mwishoni, au Julai na Agosti. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hoteli kadhaa hufunga na zinazobaki hushusha bei sana, kwa sababu mvua inaweza kukufungia ndani siku mbili. Mtu wa Uchindile anaogopaje mvua? Hilo usilifikirie. Lipa bei ya Desemba ulalamikie joto.

Hatua ya 7: Shahada ya pili

Ukishahitimu Zanzibar, wafuate wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda Bangkok, ukajifunze kwamba ujinga huu ni wa dunia nzima. Thailand nayo ina pwani mbili zisizopatana: Phuket, upande wa magharibi, mvua yake ni Mei hadi Oktoba, kisiwa cha Samui, upande wa pili, hunyeshewa zaidi kuanzia Oktoba hadi Desemba. Weka nafasi penye mvua. Ukiona bei imeandikwa alama mbili za kujumlisha mwishoni, usidhani ni pambo: ni asilimia 10 ya huduma na asilimia 7 ya kodi, na baht 1,000 inakuwa 1,177. Bali, nchini Indonesia, ifikie siku ya Nyepi, mwaka mpya wa Wahindu wa kisiwa hicho. Uwanja wa ndege unafungwa saa 24, barabara ni tupu, na mgeni haruhusiwi kutoka nje ya hoteli. Ni siku pekee ambayo chumba chako kinatumika kwa thamani yake yote, hasa kama hukukikagua.

Mtu aliyezifuata hatua hizi zote atarudi Uchindile na picha nzuri, deni, na mgongo unaolalamika. Asiyetaka kuzifuata ana kazi ndogo tu. Aombe ufunguo kabla ya kutoa hela. Aingie, afungue bomba, abonyeze godoro, akinyooshe chandarua dhidi ya taa, awashe feni, afunge mlango na kusikiliza kwa dakika tano. Ufukweni aulize maji yanajaa saa ngapi wiki hiyo, na bei ni ya kichwa au ya chumba. Kwa hoteli ya mbali, apige simu na kuomba picha ya chumba iliyopigwa leo. Hakuna mwenye chumba kizuri atakayekasirika kwa hayo. Anayekasirika amekwisha kujibu. Na popote utakaposogezewa kitabu cha wageni kabla ya kuonyeshwa chumba, rudisha kalamu.