Kila Apitaye Boyoma Huondoka na Kitabu

Hapa Simi-Simi, upande wa uwanja wa ndege wa zamani wa Kisangani, mji tunaouita Boyoma, umeme ukikatika hatulali. Tunasogea kwa mama wa mikate. Jiko lake la makala linawaka, mafuta yanachemka, mwanga upo. Fundi simu anafunga kibanda, kijana wa toleka anaegemeza baiskeli yake ya kubebea abiria, muzee mstaafu wa reli anakuja na kiti chake mwenyewe, na kesi inafunguliwa. Juzi kesi ilikuwa sinema.

Mchokozi alikuwa fundi simu. Anayo kwenye flashi The Legend of Tarzan, ile ya mwaka 2016, na anawauzia vijana kwa franka chache. "Papa, hii ni Kongo yetu kabisa. Tazama huo mto!"

Muzee akasonya mpaka mama akageuka kuangalia kama mafuta yamemrukia. "Mto gani? Hiyo Kongo yenu wameijenga ndani ya studio za Leavesden, Uingereza. Msitu wa kuonekana kutoka angani wakaenda kuupiga Gabon. Na aliyemtunga huyo Tarzan mwaka 1912, Burroughs, hakukanyaga Afrika hata siku moja."

Hapo kijana wa toleka akasema tusimlaumu Tarzan, hadithi ni hadithi. Sawa. Lakini ndani ya filamu hiyo wamo watu wawili ambao hawakutungwa na mtu, na wote wawili walikanyaga udongo huu. Wa kwanza ni Léon Rom, adui wa Tarzan. Rom wa kweli alikuwa mkuu wa kituo cha Stanley Falls, yaani hapa hapa petu, na mwaka 1895 msafiri mmoja aliandika kwamba bustani ya maua ya bwana huyo ilipambwa kwa vichwa 21 vya watu. Kwenye filamu analiwa na mamba, watu wanapiga makofi, haki imetendeka. Rom wa kweli hakuna mamba aliyemgusa. Alirudi kwao Ubelgiji, na huko ndiko alikofia mwaka 1924.

Wa pili ni George Washington Williams, Mmarekani mweusi. Sinemani amepewa bunduki na kazi ya kumkimbilia Tarzan nyuma nyuma, akihema. Williams wa kweli alifika Stanley Falls, akakaa chini, na tarehe 18 Julai 1890 akaandika barua ya wazi kwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyeimiliki Kongo wakati huo, akimhesabia makosa ya serikali yake moja baada ya jingine. Barua nzito kama hiyo, imeandikwa kwetu, halafu sinema inamfanya mwandishi wake msindikizaji! Mama wa mikate hakuongeza neno. Alisonya tu, na safari hii hakuna aliyemwuliza sababu.

Mwaka huo huo wa 1890, mwezi wa Septemba, alifika mwandishi Joseph Conrad na meli ya Roi des Belges. Akaona, akaugua, akaondoka, na mwaka 1899 akatoa Heart of Darkness, kitabu ambacho mto wetu umo mwanzo hadi mwisho ila jina lake hakulitaja. Mwongozaji Coppola alipokichukua kitabu hicho, mto ukahamia vitani Vietnam na Kambodia, na kamera zikawekwa Ufilipino. Hiyo ndiyo Apocalypse Now ya mwaka 1979. Nicolas Roeg naye mwaka 1993 akaurudisha Kongo kwenye hadithi, lakini picha akapigia Belize. Kongo bila Kongo! Fundi simu akauliza, "Kwa hiyo hawakuwahi kuja kabisa?"

Walikuja, mdogo wangu. Mwaka 1951 John Huston alileta kikosi kizima mpaka mto Ruiki, huko njia ya Ubundu, kutengeneza The African Queen kutoka riwaya ya C.S. Forester ya mwaka 1935. Hadithi yenyewe ni ya Tanganyika ya Wajerumani mwaka 1914, sasa Ruiki yetu ikalazimika kuigiza mto wa jirani. Wazungu wakaharisha vibaya sana, isipokuwa Huston na Humphrey Bogart, ambao inasemekana maji hawakuyaonja, wakashikamana na wiski. Bogart akaondoka na Oscar.

Mwaka 1958 ikawa zamu ya The Nun's Story, kutoka kitabu cha Kathryn Hulme, na Audrey Hepburn akaja Stanleyville, jina la zamani la Kisangani, kuwa mtawa muuguzi. Picha nyingine zikapigwa Yakusu, chini kidogo ya mto, kwenye misheni ya wagonjwa wa ukoma. Filamu ilipendekezwa kwa Oscar nane, haikupata hata moja. Safari hii mji ulikuwa wenyewe, mto wenyewe, watu wenyewe. Na watu hao wanafanya nini kwenye picha? Wanabeba, wanaugua, wanaimba, wanatabasamu. Ukimya wa mwenye nyumba mbele ya wageni.

Kijana wa toleka, ambaye alimaliza sekondari na halali bila kusoma, akasema dawa ipo. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliwahi kuwa gavana wa Stanley Falls, aliteuliwa mwaka 1887, na maisha yake aliyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili. Si kitabu cha mgeni, si Kiingereza. Hicho ndicho cha kupigia sinema!

Mama akaweka kijiko chini. "Na wale aliowauza, kitabu chao kiko wapi?"

Kijiwe kizima kimya. Maana ndipo penyewe. Wapenda sinema kila siku wanagombana kama filamu imekifuata kitabu au imekiharibu. Sisi wa huku ugomvi huo hautuhusu sana. Filamu inaweza kukifuata kitabu neno kwa neno na bado ikatuacha pembeni, kwa sababu aliyekiandika alikuwa anapita: huyu na meli, huyu na bunduki, huyu na pembe za ndovu. Lawama ianzie kwenye daftari kabla ya kufika kwenye kamera.

Ushahidi tunao. Filamu iliyosema kweli kuhusu mji huu haikutoka kitabuni. Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, aliwafuata watu waliokatwa viungo na mabomu ya Vita vya Siku Sita, Juni 2000, Warwanda na Waganda walipopigania mji ambao si wa yeyote kati yao. Wakapanda mashua, wakateremka mto mpaka Kinshasa kudai haki yao. En route pour le milliard iliteuliwa Cannes mwaka 2020, ya kwanza ya Mkongomani katika orodha rasmi. Mwaka 2022 mahakama ya The Hague ikaiamuru Uganda iilipe Kongo fidia ya dola milioni 325. Sisemi sinema ndiyo iliyoleta hukumu. Nasema katika filamu ile watu wa Kisangani walizungumza wenyewe, na hakuna aliyehitaji Tarzan wa kuwaokoa.

Kwa hiyo wewe uliyekuwa na miaka kumi wakati wa yale mabomu, leo una thelathini na zaidi, una watoto na una kumbukumbu. Nunua daftari. Andika ulijificha wapi, mlikula nini, nani hakurudi. Andika kwa Kiswahili hiki hiki cha kijiweni. Watengeneza sinema watakuja, hawajawahi kuacha kuja. Wakifika, wakikute kitabu chako mezani.