Namna ya Kuwa Fundi kwa Njia ya Mkato

Sogea karibu, ndugu yangu. Unataka kuanza elektroniki, na unataka watu wakikukuta mezani waseme, "Huyu ni fundi kweli." Hakuna ubaya wowote. Tamaa hiyo ndiyo imewaingiza wengi kwenye kazi hii. Tatizo ni kwamba pesa ni kidogo na subira ni kidogo zaidi. Basi tupite uchochoroni.

1. Lipe kisogo boksi la vifaa mia.

Ukifika Kariakoo au Luthuli Avenue utafunguliwa boksi linalong'aa, lina bisibisi za kila namna. Ncha zake zinapinda kwenye skrubu ya kwanza iliyokaza. Nunua vitu vinne tu: mita, chuma cha kulehemu, waya wa kulehemu na koleo dogo la kukatia. Kitu cha kushikilia bodi usinunue. Pigilia vibanio viwili vya nguo kwenye kipande cha ubao, kazi imekwisha.

2. Bania pesa kwenye mita.

Ile ndogo ya manjano aina ya DT830 inakutosha. Ijaribu hapo hapo dukani: gusanisha waya zake mbili kwenye kipimo cha omu, isome karibu na sifuri, kisha pima betri mpya ya redio, isome volti 1.5 au juu yake kidogo. Ukifika nyumbani, ziba tundu la ampea 10 kwa selotepu. Mara nyingi tundu hilo halina fyuzi, na anayeanza husahau waya mwekundu humo, halafu anakwenda kupima volti. Hapo anakuwa ameunganisha chanya na hasi moja kwa moja. Ukiwa na selotepu huna haja ya kukumbuka.

Na mita hiyo isiguse umeme wa ukutani. Huko hakuna uchochoro.

3. Usibanie kwenye kulehemu.

Hapa toa pesa. Tafuta chuma cha wati 60 chenye kirungu cha kupunguza na kuongeza joto, na waya wa 60/40 wenye utomvu ndani: bati asilimia 60, risasi asilimia 40. Huyeyuka kwenye nyuzi 183 hadi 190 hivi, wakati ule usio na risasi hudai zaidi ya 210 na humsumbua mgeni. Kwa kuwa kuna risasi, nawa mikono kabla ya kula.

Sasa siri yenyewe. Wanaoshindwa huyeyusha waya kwenye ncha ya chuma kisha wanaupaka kwenye bodi kama siagi kwenye mkate. Wewe pasha kwanza mguu wa kifaa na shaba ya bodi kwa pamoja, sekunde moja au mbili, halafu gusa hapo kwa waya. Utaona unatiririka wenyewe, unauzunguka mguu, unang'aa. Ukibaki kidonge cha duara, umekosea, rudia. Ukimaliza kazi, iache ncha ikiwa imepakwa waya ulioyeyuka. Ncha inayoachwa tupu hugeuka nyeusi na kukataa kushika chochote, na watu hutupa chuma kizima kwa sababu hiyo.

4. Umeme wa mezani usinunue, uokote.

Tafuta pawasaplai ya kompyuta ya mezani iliyotupwa lakini bado nzima. Usiifungue: kapasita zake hubaki na chaji ya zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa. Wewe shughulika na waya zinazotoka nje tu. Unganisha wa kijani na mweusi, itaamka. Njano ni volti 12, nyekundu ni 5, rangi ya chungwa ni 3.3. Hakikisha kila moja kwa mita.

Ila ina nguvu kupita kiasi. Ukigusanisha waya kwa bahati mbaya, zinaweza kuungua kabla yenyewe haijajizima. Basi nenda duka la spea za magari, nunua balbu ya breki ya volti 12, wati 21, uiunganishe katikati ya waya wa njano na saketi yako. Saketi ndogo ikifanya kazi vizuri, balbu haionyeshi kitu. Ukikosea, balbu inawaka na umeme haupiti ampea mbili. Unapata kinga na taa ya onyo kwa bei ya chai. Wageni wakiuliza, iite mfumo wa ulinzi, maana ndivyo ulivyo.

5. Jenga kifaa kimoja ujisifie.

Chukua kidhibiti volti cha LM317, rezista ya omu 240, voliumu ya omu 2,000 na kapasita mbili ndogo. Lisha volti 12 za pawasaplai, zungusha, utapata kuanzia volti 1.25 hadi karibu 10. Ifunge kwenye bamba la alumini: ukitoa volti 5 kwa nusu ampea, wati tatu na nusu zinageuka joto. Bamba lisiguse chuma kingine, kwa sababu mgongo wa LM317 umeungana na mguu wake wa katikati, ambao ndio unaotoa umeme. Kosa hili ni maarufu, na balbu ya breki itakuambia mara moja.

6. Redio ya jirani.

Majirani watakuja tu. Jirani akisema, "Fundi, hebu nitazamie hii," mjibu, "Niachie hadi kesho." Usimfungulie mbele yake. Akiondoka, anza na pale redio za betri zinapofia: vyuma vya kushikia betri. Betri iliyovuja huacha ukungu mweupe au wa kijani. Kama ilikuwa alkalaini, lowesha pamba kwa siki, sugua, futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, kausha. Kisha tikisa tundu la adapta. Likicheza, pasha upya maungio yake. Weka betri mpya, washa, tafuta stesheni anayoipenda, uzime. Kesho yake aiwashe mwenyewe.