Sasa Unapuliza Lini?

Kuna watu wanaoamini kwamba kupaka gari rangi ni kupuliza. Wote wanapita mbele ya nyumba yangu, na hakuna anayepita bila kuuliza, "Sasa unapuliza lini?" Nikimjibu kwamba bado tupo kwenye msasa, ananitazama kwa huruma, ananiambia nisikate tamaa. Bwana wee, kazi yenyewe ndiyo msasa! Msasa, halafu puti, halafu msasa tena, na vumbi lake kwenye chai, kwenye mashuka, mpaka kwenye kitana cha Mama Zuhura. Kupuliza ni kipande kifupi cha mwishoni, nacho ndicho wanachokisubiri wote, kama wageni wa harusi wanaoingia pilau linapopakuliwa.

Gari ni Pijo 504 niliyorithi kwa mjomba. Yupo mzee mmoja wa mtaani ambaye kila akiiona husimama, huegemea fimbo, na kunikumbusha kuwa Safari Rally ya mwaka 1975 ilichukuliwa na Ove Andersson akiwa na Pijo 504, na kwamba mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akaichukua tena kwa 504 ya milango miwili. Ni kweli tupu, mzee wangu, shikamoo. Ila kutu ya chini ya milango haijali nani alishinda wapi.

Msasa una namba, na namba ikizidi kuwa kubwa ndivyo msasa unavyokuwa laini. Unaanza na 80 kuchonga puti, unapanda 180, 320, hadi 600 wa maji kabla ya rangi ya juu. Ukiruka hatua, mikwaruzo ya mwanzo itajitokeza baadaye, maana rangi inayong'aa haifichi kitu, inatangaza. Tena fundi wangu hataki kusugua kwa vidole vitupu, eti vidole vinachimba mitaro. Anataka kitu bapa, kigumu kiasi, kinachopinda kidogo. Akaangaza macho, akaona ndala zangu mlangoni. Akachukua ya kushoto, akaikata kwa kisu, akaizungushia msasa. "Hii ndiyo yenyewe, bosi." Kazi yake imekuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Lakini bafuni naenda na ndala moja.

Kisha akanifanyia mambo. Mlango wa dereva ulikuwa umenyooka, kwa macho yangu mimi hata kioo hakiufikii. Fundi akapuliza juu ya puti ukungu mwepesi wa rangi nyeusi, akaanza kusugua na ile ndala yangu. Weusi ukatoka kote, ukabaki doa moja karibu na kitasa, ukubwa wa kiganja. "Bonde hilo." Nikaangalia, sikuliona. Akaniambia nifumbe macho nipitishe mkono. Nikalisikia. Haya, puti upya, hadina upya, vumbi upya. Mama Zuhura, ambaye kanga zake ziko kwenye kamba mita chache kutoka hapo, akatoka akatutazama, akauliza, "Baba Zuhura, hili gari linapakwa rangi au linafutwa?"

Wabaya wangu hasa ni wapapasaji. Mlango ukishasuguliwa ukawa laini, hapiti mtu bila kuushika. "Aisee, laini hii!" Anasema hivyo ametoka kula sambusa. Rangi haikai juu ya mafuta. Inajikunja pembeni na kuacha vitobo vidogo vya mviringo, na dawa yake ni kukwangua uanze upya. Fundi anafuta bati kwa kitambaa chenye thina, anageuka kuchukua bunduki, anakuta mtu mwingine ameshapapasa.

Kwenye rangi tulibishana. Fundi alitaka ile ya kuchanganya na hadina, inang'aa bila hata polishi. Lakini hiyo ina isosayaneti, ambayo ikivutwa inaweza kumwachia mtu pumu ya maisha, na kinga aliyokuwa nayo fundi ni fulana aliyojifunga puani. "Nimeizoea," akasema. Mapafu hayazoei, fundi, na humu ndani kuna watoto. Tukachukua selulosi, buluu ileile iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, maana ukibadilisha rangi inabidi TRA wajulishwe, na mimi foleni ninazo za kutosha.

Selulosi nayo ina visirani vyake Dar es Salaam. Thina inapoyeyuka inapoza bati, unyevu wa hewa unatua kwenye rangi mbichi, na buluu inaota weupe wa maziwa. Kwa hiyo asubuhi na mapema hupulizi. Adhuhuri bati ni la moto, rangi inakauka kabla haijatandaa, inakuwa chengachenga. Jioni upepo unaleta mchanga wa barabarani. Ulibaki upenyo wa saa tatu hivi, na fundi alipofika katikati ya boneti, umeme ukakatika.

Tukakaa tukaangaliana. Kompresa ikakohoa, ikanyamaza. Upande mmoja wa boneti ni buluu, upande mwingine ni praima ya kijivu, na vioo vyote vimefunikwa magazeti. Watu waliokuja kutazama upulizaji, kwa kukosa cha kutazama, wakaanza kusoma gari. Kijana wa bodaboda alikuwa ameinama kwenye kioo cha mbele, amezama kwenye habari ya Simba na Yanga. Akaniita.

"Mzee, hapa imeandikwa inaendelea ukurasa wa tano. Uko wapi?"

Nikamwonyesha taa ya nyuma ya kushoto. Akazunguka, akachuchumaa, akasoma mpaka mwisho, kisha akarudi kunilalamikia kwamba gazeti lenyewe ni la mwezi uliopita.