Dawa ya Mtu Mmoja

Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, hakuna kitu cha mtu mmoja. Tunakula sinia moja, kanga huvaliwa na aliyewahi kuamka, na dawa ikishavuka mlango inakuwa mali ya ukoo. Matone ya macho ya mtoto yamewahi kumalizikia kwenye macho ya jogoo. Tuliishi hivyo kwa amani mpaka daktari wa ngozi alipomwandikia kitindamimba wangu isotretinoini.

Chunusi zake hazikuwa za kubinya mbele ya kioo. Yalikuwa mabonge chini ya ngozi, usoni na mgongoni, yanayouma kuyagusa, na yakipona yanaacha mashimo. Alishapaka kila cha kupaka, alishameza antibayotiki, na jirani alishatuambia ni husuda. Daktari alieleza kwamba dawa hii hukata mafuta yanayotengenezwa na ngozi, dozi yake hupangwa kwa uzito wa mwili, na matibabu huchukua miezi kadhaa. Kijana alipimwa damu kwanza, kuangalia ini na mafuta, na akaambiwa atarudi kupimwa tena. “Na boksi hili ni lake peke yake,” daktari alisema. Sote tukaitikia, “Ndiyo, daktari,” na hakuna aliyemsikia.

Vita vya kwanza vilipiganwa jikoni. Vidonge vilitakiwa kumezwa pamoja na chakula chenye mafuta, kwani tumbo likiwa tupu sehemu kubwa ya dawa hupotea bure. Mama mkwe wangu aliposikia neno mafuta alivaa miwani. Tangu siku hiyo mbuzi ya nazi haikupumzika: mbaazi za nazi, samaki wa kupaka, wali wa nazi. Mpaka hapo alikuwa sahihi. Lakini Mama hajui kuishia njiani. Akaanza kumlisha mjukuu wake maini kila mchana, kisha akachomoa mvunguni chupa ya mafuta ya ini la samaki. “Ngozi inataka vitamini, mwanangu.”

Mfamasia ndiye aliyezima moto huo. Dawa yenyewe, alisema, ni ya ukoo wa vitamini A. Ukiirundikia vitamini A nyingine, unamtia kijana sumu kwa mapenzi. Maini yakahamia kwa paka, na paka akanenepa.

Wiki za mwanzo uso ulichafuka kuliko mwanzo. Tulikuwa tumeonywa, lakini nani anakumbuka onyo akimtazama mwanawe? Midomo ilipasuka, pua ikatoka damu, jua la saa nne likamchoma. Tukamnunulia mafuta ya mgando na mafuta ya kukinga jua, naye akazoea kofia. Ndipo baba yake mdogo akaja na doksisaiklini zilizobaki alipougua mwaka jana. Kwa kuwa nazo hutibu chunusi, kikao cha barazani kiliona ni busara kuongeza nguvu. Kijana alikuwa ameshasoma karatasi ya ndani ya boksi. Dawa hizi mbili zikikutana zinaweza kupandisha shinikizo ndani ya fuvu, mtu akaumwa kichwa vibaya na kuona ukungu. Akamrudishia kwa mikono miwili: “Ahsante, Ba’ mdogo, lakini hapana.”

Jambo moja halikuwa la kuchekesha. Daktari alitutaka tuuangalie moyo wake pia: akijitenga, akikosa usingizi, akizungumzia kujidhuru, tusisubiri tarehe ya kliniki. Kazi hiyo aliichukua Mama. Kila jioni alimwita kibarazani eti amtungie uzi kwenye sindano, na hakumwachia mpaka wameongea. Sindano haikuwahi kushona kitu.

Miezi ilipita, uso ukatulia, na hapo ndipo wifi yangu alipofika. Binti yake alikuwa anaolewa, na siku za kuingia ndani zilimletea vipele viwili shavuni. Wifi alimtazama mwanangu, akatazama kabati, akaomba maji. Niliporudi na kikombe alikuwa ameshaaga. Usiku kijana akahesabu vidonge vyake: karatasi moja haipo.

Tulikwenda kwa bodaboda, mimi na Mama tumebanana nyuma, buibui linapepea mtaa mzima. Tulimkuta bi harusi kakaa mkekani, singo mwilini, karatasi ya vidonge mkononi, hajameza. Kilichomzuia ni picha: mwanamke mwenye mimba aliyekatwa kwa mstari.

“Mama, huyu mbona kapigwa mstari?”

Wifi akanigeukia. “Wifi, tangu lini mmekuwa wachoyo?”

Nikamwambia alichotuambia daktari. Dawa hii ikimkuta mtoto tumboni huweza kumharibu ubongo, moyo na uso, hata kama imemezwa kwa muda mfupi. Mwanamke hupimwa mimba kabla ya kupewa, na hutumia uzazi wa mpango wa uhakika tangu mwezi mmoja kabla, muda wote wa dawa, hadi mwezi mmoja baadaye. Hata damu yake mtumiaji hachangii, isije ikaongezewa mjamzito. Na ngozi ya anayeimeza huwa laini mno, si ya kusuguliwa na singo.

Wifi, ambaye alishachagua majina ya wajukuu, aliketi chini bila kuangalia anakalia nini. Alikalia sahani ya singo.

Bi harusi aliolewa na vipele vyake viwili chini ya poda, na hakuna mgeni aliyeviona. Kabati sasa lina kufuli, na ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga ya Mama. Kijana alipomaliza dozi, vidonge vilivyobaki vilirudishwa duka la dawa. Kufuli halikuondolewa. Juzi wifi alikuja kichwa kinamgonga, akaomba Panadol.

Mama akamtazama juu ya miwani. “Cheti unacho?”