Mlango wa Kabati Juu ya Starlet

Nyumbani kwetu Chanika, hapa Handeni mjini, kitu kikipotea hatukitafuti uvunguni. Tunakwenda moja kwa moja kwenye gari yetu, Starlet. Kijiko cha chai, sufuria ya wali, nyuzi zangu za kusukia: vyote vimewahi kukutwa huko vikinuka oili.

Mume wangu, Baba Zawadi, aliinunua kwa ajili ya mbio za magari zinapokuja Tanga, zile ambazo hata mtu wa mshahara mdogo anaweza kujiandikisha. Ugonjwa wenyewe ni wa kurithi. Baba mkwe ni mtu wa Korogwe, na mpaka leo anaisimulia Peugeot 404 ya Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam aliyeshinda Safari Rally mwaka 1966 akiwa na Chris Rothwell, kisha wakarudia 1967. Akianza hadithi hiyo, uji unapoa mezani.

Basi kuiandaa Starlet tukaanza na injini. Baba Zawadi aliazima kipimo cha kompresheni. Injini iwe ya moto, plagi zote nne zitolewe, waya wa koili uchomolewe, kipimo kikazwe kwenye tundu la plagi, halafu mtu akanyage mafuta hadi chini na kupiga stata. Mtu huyo nilikuwa mimi, na nguo zangu za kazini.

Injini nzima ya petroli hupandisha sindano hadi psi 150 na zaidi, na silinda hazipishani sana. Ya kwanza na ya nne zilikuwa salama. Ya pili na ya tatu zilikwama karibu na 100. Hapo ndipo kijiko cha chai kilipohama jikoni: unamimina oili kidogo ndani ya silinda, unapima tena. Sindano ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tatizo ni vali au gasketi. Haikupanda. Na silinda mbili zinazopakana zikishuka pamoja, wa kwanza kushukiwa ni gasketi ya silinda hedi pale katikati yao. Nikafungua kifuniko cha oili nikakuta utando kama chai ya maziwa.

"Baba Zawadi, hii ni gasketi."

"Huo ni unyevu wa asubuhi tu, Mama Zawadi."

Nadhani alijua. Lakini gasketi haina watazamaji. Hakuna kijana wa bodaboda atakayesimama kuipiga picha. Kwa hiyo akaiacha, akahamia kwenye upepo.

Jioni moja nilirudi kutoka shule nikakuta kabati la vyombo halina mlango. Ulikuwa umeshapanda nyuma ya Starlet, umekaa juu ya vyuma viwili vya kuchomelea, na jina lake sasa ni bawa. Bati lililobaki tulipoezeka jiko lilikuwa limekatwa likawa mdomo chini ya bampa la mbele. Grili kaiziba kwa plaiwudi, ati upepo usiingie kuirudisha gari nyuma.

Mimi nafundisha fizikia, na uvumilivu wa mke una mwisho wake. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ni mara nne. Kwenye mwendo mdogo, basi, hupati kitu. Kwa kilomita 60 kwa saa, mlango ule ungeikandamiza gari kwa kilo nne au tano hivi. Tuliupima pamoja na vyuma vyake kwenye mizani ya jirani anayenunua mahindi: kilo 11.

Akanijibu kwa historia. Jim Hall, huko Marekani, aliiwekea Chaparral yake bawa refu mwaka 1966. Kweli kabisa. Nami nikamtajia Barcelona 1969, mabawa ya magari mawili ya Lotus, la Graham Hill na la Jochen Rindt, yalipovunjika katika mbio zile zile, wote wawili wakagonga vyuma vya kando, na mabawa marefu yakapigwa marufuku.

Akanyamaza, akaenda kuchukua nyuzi zangu za kusukia. Hapa nimpe haki yake, maana jaribio lilikuwa zuri. Alikata vipande vya urefu wa kidole, akavibandika kwa selotepu juu ya paa, kwenye kioo cha nyuma na kwenye bawa, kisha akaendesha kuelekea Misima huku shemeji akimfuata kwa pikipiki na kuangalia. Upepo unapoambaa vizuri, uzi hulala. Unapovurugika, uzi hurukaruka, hata kugeukia mbele. Nyuzi za paani zililala. Za kwenye kioo na za kwenye bawa zilihangaika njia nzima. Bawa lilikuwa limejificha nyuma ya paa, mahali upepo umeshavurugika. Nyuzi zilisema nilichokisema mimi, ila zenyewe aliziamini. Akarefusha vyuma.

Jumapili tukaenda Korogwe kumwonyesha baba, kilomita 65 za lami. Tuta la kwanza lilikunja lile bati. Tulipopita Sindeni sindano ya joto ikapanda, moshi mweupe ukatoka nyuma. Tukakaa chini ya mwembe tukisubiri injini ipoe, kwa kuwa kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kikiwa cha moto. Maji ya Handeni husukumwa na mradi wa HTM kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe, na kina mama tunajua yanavyopatikana kwa taabu. Siku hiyo dumu langu zima lilirudi njia liliyojia, tumboni mwa Starlet.

Baba mkwe aliizunguka gari, mikono mgongoni.

"Mwanangu, ya Shankland haikuwa na kabati."

"Ilikuwa na nini, baba?"

"Injini."

Fundi alifungua hedi kesho yake. Gasketi ilikuwa imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, na rula aliyoilaza juu ya hedi ilipitisha mwanga. Hedi ikapelekwa Tanga kusawazishwa kwa mashine. Sisi tukapanda basi, Baba Zawadi kaupakata mlango, na konda akautoza nauli ya mzigo.

Mlango umerudi kabatini na matundu yake manne ya bolti. Nikilalamika naambiwa hotpoti nazo zinahitaji hewa.